Kazi Ile Ile Kila Siku: Namna ya Kuvunja Mazoea Kazini na Nyumbani



Mwenzetu akiulizwa habari za kazi, mara nyingi hujibu kwa kifupi: "Kazi ni ile ile." Akifika nyumbani akaulizwa habari za kutwa, hujibu vivyo hivyo. Jibu hilo twalisikia kiwandani, shambani, kwenye lindo na barabarani, na kwa kuwa twalisikia kila siku hatulitilii maanani. Lakini ndani yake mna malalamiko. Mfanyakazi huyo hasemi kwamba kazi ni nzito, wala hasemi kwamba mshahara ni mdogo, ingawa huenda yote mawili ni kweli. Anasema kwamba kazi imemchosha kwa kutobadilika.

Katika ukurasa huu twataka kueleza uchovu wa namna hiyo watoka wapi, unadhuru nini, na sisi wenyewe twaweza kufanya nini kuupunguza kazini na nyumbani. Twasema tangu mwanzo kwamba uchovu huu si uvivu. Mara nyingi watokana na jinsi kazi ilivyopangwa, na kilichopangwa na binadamu chaweza kupangwa upya.

MAZOEA YANAPOFAA NA YANAPODHURU

Mazoea yenyewe si adui. Mchuma chai aliyekomaa hachunguzi tena kila tawi. Vidole vyake vyajua majani mawili na chipukizi lake. Dereva habadili gia kwa kufikiri, na fundi cherehani hatazami mguu wake unapokanyaga. Bila mazoea tungekuwa wanagenzi kila siku.

Taabu huanza pale ambapo mikono imekwisha kuizoea kazi kabisa, nayo kazi haimwachii mtu jambo lolote jingine la kufanya kwa akili yake. Akili ya mtu haikubali kukaa bure. Ikikosa kazi hutangatanga, ikaenda kwenye karo za shule na deni la dukani, au husinzia macho yakiwa wazi. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na hapa ndipo taabu yenyewe ilipo.

Jambo hili limepimwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa na watu waliokaa muda mrefu wakitazama vioo vya rada ili kutafuta nyambizi za adui. Ilionekana kwamba jinsi muda ulivyokwenda ndivyo walivyozidi kutoziona dalili zilizokuwa mbele ya macho yao. Mtaalamu mmoja, Norman Mackworth, akatengeneza chombo mfano wa saa ya ukutani, ambacho mshale wake uliruka hatua moja moja. Mara chache tu uliruka hatua mbili, na mtazamaji alitakiwa kuliona hilo na kutoa ishara. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalikuwa wazi: nusu saa ya kwanza ikiisha, watu walianza kukosa zaidi. Lakini waliotazama nusu saa na kupumzika nusu saa hawakushuka namna hiyo.

Watu hao hawakuwa wavivu, na walijua kwamba wanapimwa. Sasa tujiulize: ikiwa nusu saa yatosha kulegeza macho ya askari, itakuwaje kwa mwenzetu anayesimama mbele ya mashine ya kukata majani, au anayelinda lango usiku kucha peke yake? Ajali inapotokea, taarifa huandikwa kwamba mfanyakazi hakuwa mwangalifu. Haiandikwi kwamba alikuwa ametazama kitu kimoja kwa saa 6 mfululizo.

KAZI ILIYOKATWA VIPANDE

Zamani fundi alifanya kitu kizima. Mhunzi alianza na chuma akamaliza na jembe. Viwanda vilipokuja, kazi moja ilikatwa vipande vingi, kila mtu akapewa kipande chake. Mwaka 1776 mwanauchumi Adam Smith wa Uskoti aliandika habari za watu 10 waliogawana kazi ya kutengeneza pini, wakaweza kutoa pini 48,000 kwa siku. Faida hiyo hutajwa sana. Lisilotajwa sana ni kwamba katika kitabu hicho hicho alionya kwamba mtu atakayetumia maisha yake yote kufanya vitendo vichache vyepesi atapoteza uwezo wa kutumia akili yake.

Mwaka 1913 kampuni ya Ford, katika kiwanda chake cha Highland Park karibu na Detroit, Marekani, ilianza kuunganisha magari kwenye mstari unaojongea. Kazi ilimfuata mfanyakazi aliposimama, naye alirudia kitendo kimoja kutwa nzima. Muda wa kuunganisha fremu ya gari ukashuka kutoka saa 12 na nusu hadi saa 1 na dakika 33. Mwenye kiwanda alifurahi, lakini wafanyakazi walikimbia. Mwaka ule kampuni ililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ili kubaki na wafanyakazi 14,000 hivi. Ndipo Januari 1914 ikatangazwa dola 5 kwa siku, na saa za kazi zikapunguzwa kutoka 9 hadi 8. Hata hivyo malipo hayo yalikuwa na masharti, na kampuni ilituma wakaguzi majumbani kutazama wafanyakazi wanaishije.

Fedha iliwabakiza watu kazini, lakini haikuibadili kazi yenyewe. Miaka zaidi ya 50 baadaye, huko Lordstown katika jimbo la Ohio, kiwanda cha General Motors kilikuwa kikitoa magari 100 kwa saa, yaani kila mtu alikuwa na sekunde 36 kumaliza kipande chake kabla gari jingine halijafika. Machi 1972 wafanyakazi, wengi wao vijana, waligoma kwa siku 22. Madai yao yalihusu kasi ya kazi na watu waliopunguzwa. Mgomo huo ulionyesha kwamba namna kazi inavyopangwa nayo ni suala la chama, pamoja na mshahara.

WENZETU WALIVYOJARIBU

Nchini Sweden, kampuni ya Volvo ilifungua kiwanda mjini Kalmar mwaka 1974 bila ule mstari wa kawaida. Magari yalibebwa juu ya vigari vinavyojiendesha, na kila kikundi cha watu kati ya 15 na 20 kilikabidhiwa sehemu nzima, mathalan nyaya zote za umeme, au milango. Ndani ya kikundi watu waligawana kazi na kubadilishana wao wenyewe. Kiwanda kingine, cha Uddevalla, kilianza mwaka 1989 na kwenda mbele zaidi, kikundi kidogo kikiunganisha gari zima.

Mauzo yalipopungua, Uddevalla kilifungwa mwaka 1993 na Kalmar mwaka 1994. Tusifiche jambo hilo, maana lina somo. Mpango mzuri ulio mikononi mwa mwajiri peke yake huondoka siku mwajiri anapobadili hesabu zake. Norway walipita njia nyingine. Sheria yao ya mazingira ya kazi ya mwaka 1977 ilitamka kwamba kazi ya kurudiarudia isiyo na mabadiliko, na kazi inayotawaliwa na mwendo wa mashine, ziepukwe. Sheria ya mwaka 2005 iliyochukua nafasi yake nayo yataka mfanyakazi apate nafasi ya kazi yenye mabadiliko. Kiwanda chaweza kufungwa, lakini haki iliyoandikwa humfuata mfanyakazi aendako.

Kutoka Japani twapata fundisho dogo lisilogharimu fedha. Wafanyakazi wa reli huko, wanapotazama ishara ya njiani, huinyoshea kidole na kuitamka kwa sauti. Mgeni akiwaona huweza kucheka. Lakini jaribio lililofanywa na taasisi ya utafiti wa reli ya nchi hiyo katika miaka ya 1990 lilionyesha kwamba kwa kutumia kidole na sauti pamoja, makosa yalipungua kwa karibu asilimia 85. Sababu yake yaeleweka: mtu aliyezoea kuona taa ya kijani kila siku huiona hata isipokuwapo. Kidole na sauti huiamsha akili ikaangalie kweli.

HAPA KWETU

Tuchukue mfano wa kiwanda cha chai, kama vilivyopo pande za Fort Portal na Bushenyi hapa Uganda. Majani huletwa, hunyaushwa, hukatwa kwa mashine, huachwa yachachuke, hukaushwa, hupangwa madaraja, hupimwa na kufungwa. Mara nyingi mtu huwekwa mahali pamoja siku aliyoajiriwa, akasahauliwa hapo miaka. Anayechambua huchambua tu katika vumbi. Anayebeba magunia hubeba tu mpaka mgongo unamsaliti.

Watu 4 walio karibu waweza kubadilishana kila baada ya saa 2: mmoja apime, mmoja ashone magunia, mmoja ahesabu na kuandika, mmoja apange. Uzalishaji haupungui, na kila mmoja hujifunza kazi za wenzake, hata mwenzao akiugua pengo lazibwa. La kuangaliwa ni hili: mabadiliko yawe ya kweli. Kumtoa mtu kwenye kubeba magunia na kumpeleka kwenye kupakia magunia ni kubadili jina la kazi tu. Mgongo ni ule ule na misuli ni ile ile. Anayetoka kwenye kazi ya kusimama apate ya kukaa, na anayetoka kwenye kazi ya macho apate ya mikono.

Askari wa usiku naye hana kazi nyingi za kubadilishana, lakini lindo laweza kupangwa. Walinzi wakiwa wawili, mmoja akae langoni na mwingine azunguke, kisha wabadilishane kila nusu saa au saa moja. Aliye peke yake abadili njia ya kuzunguka, kwa maana mazoea ya mlinzi ndiyo ratiba ya mwizi.

Madereva wa malori watokao Mombasa kuja Kampala husafiri zaidi ya kilomita 1,100. Hatari haiko kwenye kona na foleni tu. Iko pia kwenye barabara iliyonyooka, kama ile ya Tsavo, ambako mtu hushika usukani saa nzima bila kulazimika kufikiri. Huko redio haitoshi. Dawa ni kusimama, kushuka, kutembea kulizunguka gari na kukagua magurudumu, na kulala usingizi unapodai haki yake. Ratiba ya mwajiri isiyoacha nafasi ya kusimama ni suala la kupelekwa chamani kama lilivyo suala la posho.

Wanaofanya kazi za zamu nao wana jambo lao. Zamu zikizunguka kwenda mbele, yaani asubuhi, kisha alasiri, kisha usiku, mwili huzikubali kwa urahisi zaidi kuliko zikirudi nyuma. Kupanga hivi hakumgharimu mwajiri shilingi moja.

KUBADILISHANA KAZI SI KUONGEZEWA KAZI

Hapa hatuna budi kuwa macho. Neno "mabadiliko" lapendwa na kila msimamizi, na si kila anayelitamka anamwonea huruma mfanyakazi. Pengine mtu huambiwa kwamba sasa atafanya kazi mbalimbali ili asichoke, kumbe wenzake wawili wamepunguzwa na kazi zao amerithi yeye kwa mshahara ule ule. Huko si kuvunja mazoea, ni kuvunja mgongo.

Kwa hiyo, tawi linapozungumza na mwajiri juu ya kubadilishana kazi, mambo yafuatayo yaandikwe katika mkataba wa hali bora:

1. Idadi ya watu katika sehemu ile isipunguzwe kwa kisingizio cha kubadilishana.

2. Asiwepo atakayeshushwa daraja au mshahara kwa sababu saa fulani anafanya kazi ya daraja la chini. Anayefanya kazi ya daraja la juu alipwe kwa daraja hilo.

3. Mtu asiwekwe kwenye mashine ambayo hakufundishwa. Mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi.

4. Wafanyakazi wenyewe wa sehemu ile wapange nani aende wapi na lini, wala si nyapara peke yake. Mabadiliko ya kuamrishwa huchosha kama kazi ile ile.

5. Mpango ujaribiwe kwa muda uliokubaliwa, mathalan miezi 3, kisha wafanyakazi na mwajiri wakae pamoja kuupima.

Aidha, yako mazoea ambayo hayafai kuguswa. Kuzima umeme kabla ya kusafisha mashine, kuvaa kofia na glavu, kukagua breki kabla ya safari, kuandika daftari la zamu: haya yafanywe kwa utaratibu ule ule kila siku. Tunapotaka mabadiliko twataka akili iamke. Hatutaki usalama ulegezwe. Ndiyo maana ule mtindo wa Wajapani ni mzuri: utaratibu haubadiliki, lakini akili hailali.

NYUMBANI NAKO

Pengine msomaji atauliza, chama cha wafanyakazi kina habari gani na nyumbani kwa mtu? Sisi si wakaguzi wa Ford. Lakini mfanyakazi aliyechoshwa na kazi isiyobadilika huubeba uchovu huo hadi mlangoni pake. Hukaa kimya, hula, hulala. Wengine hupitia kwanza kilabuni, si kwa kupenda pombe, bali kwa kutaka kitu chochote kilicho tofauti na kutwa nzima. Siku hizi wengine hukaa nyumbani lakini kila mmoja na simu yake, baba huku, mama kule, watoto kule. Mazungumzo yanayobaki ni mawili tu, fedha na makosa. Fedha imekwisha, na nani kafanya kosa. Nyumba ya namna hiyo huchosha kuliko kiwanda.

Tena tukumbuke kwamba kwa wafanyakazi wanawake, nyumbani mara nyingi ni zamu ya pili. Ametoka kiwandani saa kumi na moja jioni, anakuta maji hayajatekwa, moto haujawashwa, mtoto hajaoga. Kumwambia mwanamke huyo avunje mazoea kwa kutafuta jambo jipya la kufanya ni kumkejeli. Kwake yeye, mabadiliko ya kwanza ni kuondolewa sehemu ya mzigo.

Basi tuanze hapo. Yale tunayodai kiwandani, kubadilishana kazi kwa makubaliano, tuyafanye nyumbani kwetu. Mume apike siku mbili kwa juma. Vijana wa kiume wafue na kuteka maji sawa na dada zao. Baba awasimamie watoto katika masomo jioni ambayo mama anakwenda kwenye kikundi au kanisani au msikitini. Mtu anayefanya kazi ya mwenzake kwa siku moja hujua uzito wake, na jioni ile hukosi mazungumzo.

Halafu yako mambo madogo yasiyotaka fedha. Ratiba ya zamu ibandikwe ukutani, watoto wajue baba au mama yuko nyumbani lini, wala wasimpigie kelele anapolala mchana baada ya zamu ya usiku. Jioni moja simu ziwekwe kando, kila mtu asimulie jambo moja aliloliona siku ile. Mtu anayejua kwamba jioni atadaiwa habari huanza kutazama vizuri tangu asubuhi, na hapo nyumba inaisaidia kazi. Jumapili jamaa watoke kwa miguu kumtembelea ndugu au jirani wa zamani. Mzee aliye nyumbani aulizwe habari za ujana wake. Wengi wetu twaishi na maktaba nzima chumbani bila kuifungua hata siku moja.

Wala si lazima kila siku iwe mpya. Watoto wadogo hupenda kulala saa ile ile na kusimuliwa hadithi ile ile, na mgonjwa anywe dawa kwa wakati wake. Nyumba yataka nguzo zisizosogea. Kinachotakiwa ni dirisha moja au mawili ya kupitisha hewa.

MUDA NDIO MSINGI

Yote haya yataka muda, na muda mfanyakazi hakupewa bure. Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago na miji mingine ya Marekani waligoma wakidai siku ya kazi ya saa 8, ili zibaki saa 8 za kulala na saa 8 za mtu mwenyewe. Baadhi yao walilipa madai hayo kwa maisha yao. Hizo saa 8 za mwisho ndizo tunazozizungumza hapa.

Kwa hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka mpaka wa kawaida wa saa 48 za kazi kwa juma. Mfanyakazi hatakiwi kufanya kazi zaidi ya siku 6 mfululizo bila mapumziko ya saa 24. Kwa kila miezi 4 ya kazi ana haki ya siku 7 za likizo yenye malipo, yaani siku 21 kwa mwaka. Baba aliyepata mtoto ana siku 4 za kazi za kukaa na mkewe na mtoto, na mama ana siku 60 za kazi. Wako wenzetu wanaouza likizo yao kila mwaka, au hawajui kabisa kwamba wanayo. Twafahamu kwamba shida ya fedha ni ya kweli. Lakini mtu anayefanya kazi miaka 10 bila likizo ameuza kitu ambacho hataweza kukinunua tena kwa fedha ile.

LA KUFANYA SASA

Twapendekeza kila tawi liliweke suala hili katika ajenda ya mkutano wake ujao. Kwanza, kila sehemu ya kazi ihesabu: ni nani anayefanya kitendo kimoja kwa zaidi ya saa 2 bila kubadili wala kupumzika? Pili, daftari la ajali litazamwe, lionekane ajali hutokea saa gani ya zamu. Tatu, wafanyakazi wa sehemu hiyo, wala si viongozi peke yao, waseme wangependa kubadilishana vipi. Nne, pendekezo hilo lipelekwe kwa mwajiri kwa maandishi, pamoja na yale masharti 5 tuliyoyataja.

Na kabla ya mkutano huo, kila mmoja wetu aanze na dogo lililo mkononi mwake. Abadilishane kazi moja na mwenzake kwa idhini ya msimamizi. Ashike kazi moja ya nyumbani ambayo siku zote huifanya mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.